Ukingo wa Kulia

Ninazo arobaini na moja, ndani ya bati la biskuti
ambalo kifuniko chake hakifunguki bila ncha ya kijiko.
Gereza, kumi na tisa. Msikiti Mkuu, kumi na mbili.
Husuni Kubwa sita, moja imeliwa na mende.
Makutani nne: ukuta na anga, basi.

Hapa Masoko wananicheka.
"Mkumba, Kisiwani ni pale, wapaona ukiwa gatini,
hata chai haijapoa umeshavuka,
nawe wanunua picha yake?"

Mawe siyatafuti.
Mawe nimeyakalia, nimeyaanikia mihogo,
mbuzi wetu alizalia pacha kivulini mwa lango la Gereza
na hakuna aliyemtoza kiingilio.
Ninachotafuta ni sentimita mbili za upande wa kulia.

Alikuja mtu na kamera ya miguu mitatu.
Akatupungia mkono: sogeeni, sogeeni.
Tukasogea, watoto, kuku, na mzee Chande na kiti chake.
Dada yangu Sikudhani alikuwa anatoka kisimani,
ndoo kichwani, ile yenye kiraka cha lami.
Labda hakusikia.
Labda alisikia, akaona maji hayana subira.
Akapita.
Kamera ikalia kama kidole kinachovunjwa.

Kadi zilipofika dukani kwa Kanji tulimtambua mara moja,
mdogo kama punje ya mtama, lakini ndiye:
mkono mmoja juu, goti limekunjika,
kanga imefungwa kwapani, fundo la haraka.
Mama alinunua moja, akaibandika ukutani kwa ugali.
Mchwa wakala ugali, wakala na kadi.
Wakati huo Sikudhani mwenyewe hayupo;
kipindupindu kilivuka maji mwaka ule, bila nauli,
na picha nyingine hakuwahi kupigwa.

Zilipochapwa mara ya pili,
mtu fulani mjini, mwenye mkasi na jicho la usafi,
aliona jengo limeelemea. Akakata kulia.
Mara ya tatu wakapaka anga buluu
ambayo Kilwa haijaiona hata siku ya Idi.

Kumi na tisa, basi, na zote nimezipima kwa rula.
Wageni nimewaomba, walimu nimewaandikia,
dalali mmoja wa Lindi ameniuzia Bagamoyo
akiapa ni Kilwa.

Jumanne Zamoyoni wa Posta akanipigia simu.
Walikuwa wanahamisha kabati, nyuma yake
wakakuta barua zilizorudi: anwani haijulikani.
"Mzee, kuna Gereza moja hapa. Ina ukingo mweupe."

Sikuvaa hata saa.

Alikuwepo. Ukingoni kabisa, muhuri umemgusa kisigino.
Na kitu ambacho utotoni sikukiona,
kwa kuwa tulikuwa tukigombania uso:
maji yamemwagika, bega lote limelowa, lang'aa.

Zamoyoni akaigeuza, akanisomea mwandiko wa kulala,
lugha ya watu, akitafsiri polepole na kidole:
"Mama mpenzi, tumefika salama. Joto kali.
Mahali hapa ni pazuri ajabu, palikufa zamani.
Kimya kitupu. Hakuna mtu."

Akanyamaza. Feni ya dari ikaendelea na shughuli zake.
Kisha akasema, kwa sauti ya kazini,
kwamba kadi inadaiwa: stempu ilipungua, senti hamsini.
Tukatazamana. Senti hamsini nani anayo leo?
Tukacheka hadi mtu wa dirisha la pili akainuka kuchungulia.

Nikaomba penseli.
Chini ya maneno ya yule mgeni, ambaye simlaumu,
pengine alichoka, pengine jua lilikuwa machoni,
nikaandika kwa herufi za darasa la tatu,
nikikandamiza sana:

Kulia, Sikudhani Issa Ngulangwa.
Ana haraka.