Noti ya Juu

Bayonne, New Jersey, mwaka ule wa foleni za petroli.
Baba yuko zamu ya usiku kwenye matangi ya mafuta,
mama anapiga pasi sare za wauguzi, senti thelathini moja,
na mimi na Danusia tumelala kifudifudi, viwiko zuliani,
tukisubiri utabiri wa hali ya hewa uishe.
Mvua ya kesho haikutuhusu.
Baada ya mvua huja tangazo.

Kwanza giza. Halafu tarumbeta moja.
Halafu miguu, arobaini, hamsini, nani angeihesabu,
ikipanda na kushuka kama sindano za cherehani,
kofia zinarushwa, zinadakwa,
na ngazi ndefu nyeupe isiyotoka popote,
na juu yake mwanamke wa gauni la manjano
anashuka, anashuka, anafungua mikono,
anafungua kinywa,
anaikamata noti ya juu kabisa,
na hapo hapo yule bwana asiyeonekana anamkatiza:
"Wiki nane tu! Piga simu sasa, kadi yako mkononi!"
Nambari inapita chini ya kioo.
Tuliijua kuliko nambari ya zimamoto.

Kadi hatukuwa nayo.
Noti za kununulia noti ile hatukuwa nazo.
Manhattan yenyewe ilikuwa dirishani, ng'ambo ya maji,
kama redio ya jirani:
unaisikia, huruhusiwi kuigusa.
Mara moja mama alipiga ile nambari, mchana, akidhani tumelala.
Akauliza bei ya kiti cha nyuma kabisa, hata nyuma ya nguzo.
Akasema asante, nitazungumza na mume wangu.
Akarudi kwenye pasi. Hakuzungumza na mtu.

Machi wakabadilisha tangazo. Wakaweka watazamaji
wakitoka mlangoni, makoti mabegani, macho mekundu.
Bibi wa lulu: "Mbavu sina!"
Kijana wa ndevu: "Narudi kesho!"
Na wa tatu, jamani, wa tatu
(Danusia alipiga yowe, mama akaunguza kola)
wa tatu alikuwa Bwana Tedesco wa ghorofa ya chini,
fundi bomba, kofia yake ile ile ya sufu,
akiitazama kamera kana kwamba inamdai kodi:
"Nililia. Mimi. Nililia."

Miezi mitatu mtaa ulimsalimu hivyo.
Mwuza nyama: "Ulilia?"
Padri Wojtas, mlangoni mwa kanisa: "Eti ulilia?"
Yeye anainua spana kidogo, anapita.

Mimi ndiye niliyemvizia kwenye ngazi zetu,
za mbao, zinazonuka kabichi.
Anafika chini, yule mama? Noti inaishaje?
Akatua mfuko wa vyuma.
"Sikuona kitu, mtoto.
Choo cha waigizaji kilifurika, nilikuwa chini ya jukwaa,
maji yamefika hapa. Mbao zinatetemeka juu yangu,
vumbi linaniingia shingoni.
Mara miguu yote ikasimama
na mwanamke akaimba peke yake.
Nikazima tochi.
Sijui kwa nini nilizima tochi."

Akajaribu kunionyesha. Mishipa ikamsimama,
ikatoka sauti ya koki iliyoshika kutu.
Akacheka, akakohoa.
"Kitu kama hicho. Ila kirefu."

Danusia yuko Ohio siku hizi. Jumapili hunipigia,
mmoja wetu huanza kuuvumisha puani ule wimbo,
na tukifika pale pale, mwingine hudakia: "Wiki nane tu!"
Mbele ya hapo hatujui.

Mimi sasa kadi ninayo. Nimekaa viti vya mbele,
michezo mingi, magauni ya kila rangi.
Wanaimba noti mpaka mwisho, watu wanasimama,
na mimi bado nasubiri mtu awakatize.
Halafu, makofi yakiendelea,
hutazama mbao za jukwaa, kwenye nyufa zake,
kama kuna mwanga.