Abiria wa Tano

Tulitoka Bursa saa tisa za usiku
ili tuipige chenga foleni ya Idi,
tukaikuta nayo imetoka saa tisa za usiku.

Buti limeshiba: mapichi, feni ya mavyaa,
viatu vipya vingali ndani ya maboksi.
Na nyuma, Nehir, miaka sita,
kapakata chupa ya achari
ambayo ndani yake mna samaki.

Nilikataa. Ijulikane kwamba nilikataa.
Nilisema jirani atamlisha.
"Jirani hajui jina lake."
(Jina lake ni Mudiri.)
Cevdet, hodari wa kunyamaza
panapotakiwa baba,
akawasha gari.

Kilomita elfu na mia tano hadi Kars.
Eskişehir tuliipita imelala,
Ankara imeamka na kununa.
Tumefika? Bado.
Na sasa? Bado.
Nililitumia neno hilo mpaka likachakaa,
likawa kama kitambaa cha kufutia kioo.

Karibu na Yozgat lori la kondoo lilitujia ubavuni,
pua zimechomoza katikati ya mbao.
Nehir akainua chupa ili Mudiri naye aone.
"Na hao wanakwenda kwa bibi yao?"
Ilgaz, aliyetimiza kumi na anajua kila kitu,
akafungua mdomo.
Nikamtazama kwenye kioo.
Akaufunga.
Utu uzima wake ulianzia hapo,
barabara ya Sivas, saa tano na robo asubuhi.

Kila shimo lilikunywa funda lake.
Magoti ya Nehir yaliloa, yakakauka, yakaloa.
Kwenye vituo vya petroli wenzetu waliuliza choo;
sisi tuliuliza maji ya chemchemi,
maana ya bomba, tuliambiwa, yana dawa.
Huko Zara kijana wa kuosha vioo
aliacha ndoo yake, akapotelea nyuma ya jengo,
akarudi na birika limejaa, baridi ya kuuma meno.
Hela akazikataa.
"Huyu ni msafiri," akasema,
akimwonyesha samaki, si sisi.

Baada ya Erzincan giza lilitukuta tena.
Tukazungumza, mimi na Cevdet,
kwa ile sauti ya chini
ambayo watoto huisikia kuliko zote:
mama yake, ngazi zetu ghorofa ya nne,
chumba ambacho hatuna,
majira ya baridi ambayo hayasubiri.
Nyuma kimya.
Hata Mudiri nadhani alisikiliza.

Mavyaa yangu Binnaz alikuwa getini, na shali begani,
tangu alasiri, walisema majirani.
Tulikuwa tumejipanga: kuubusu mkono, kuuweka kwenye paji.
Yeye alitupita wote,
akainama dirishani:
"Na huyu ni mtoto wa nani?"

Siku tatu Mudiri alikaa kwenye beseni la enameli
juu ya meza ya jikoni.
Asubuhi nilimsikia mavyaa akimsomea bei za jibini,
akimlalamikia kuhusu goti,
akinisema mimi pia, kidogo,
bila ubaya.

Siku ya nne tulipakia.
Nehir hakwenda jikoni.
"Hataki tena mashimo," alisema,
akijifunga mkanda mwenyewe, uso dirishani.
Na lile la kumhamisha mama
Cevdet hakulifungua,
wala mimi sikumsaidia.

Kwao, anayeondoka humwagiwa maji nyuma ya gari:
nendeni kama maji, mrudi kama maji.
Mavyaa akatoka na ile chupa ya achari.
Hakuwa ameyamwaga.
Bomba la Bursa, chemchemi ya Zara,
yote yakaanguka pamoja kwenye lami.

Kiooni niliona doa jeusi,
na juu yake mwanamke na chupa tupu,
wote wawili wakipungua.

Hatujafika hata kwenye kona:
"Tumefika?"
akauliza Nehir.