Vitabu vya Mkono wa Pili

Agosti, shule zilipofungwa, nami nilifunga mfuko:
mashati mawili, dawa ya presha, tochi,
na majina ya watu ambao miaka ishirini
nimewadanganya kwa simu, "Nitakuja, nitakuja tu."

Nakuru kwanza. Kirwa anakaa Section 58,
nyumba ya kustaafu, geti limepakwa rangi nusu.
Alinipa mursik, akanipa habari za magoti yake,
kisha akanipeleka kule nyuma ya soko
kwa kijana anayetandaza vitabu juu ya gunia.
Huyo haulizi mwandishi ni nani. Anapima kwa vidole:
"Hiki chembamba, hamsini. Chenye mgongo, mia."
Nikavipuliza kimoja kimoja,
vumbi jeupe la Nakuru, linaloingia
hata kati ya kurasa zisizowahi kufunguliwa.
Sikununua kitu. Kirwa alinunua atlasi
yenye nchi zilizokwisha kufa.
"Inafanana na darasa letu," akasema.

Kisumu nilifika Jumapili, siku ya Kibuye,
vitabu vimelala baina ya suruali na sufuria,
jua limeyakunja majalada kama samaki kikaangoni.
Rispa Awuor alisimama, mkono kiunoni:
"Umekuja kuniona mimi, ama karatasi?"
Nikamwonyesha kamusi niliyoipata. A mpaka O,
halafu R. P yote ilishang'olewa,
labda ilifungia njugu mahali.
Akapitisha kidole pale palipochanika.
"Bila pesa," akasema. "Bila penzi. Bila pole.
Nipe mimi. Hiyo ni kamusi ya mjane."
Tulicheka mpaka muuza ndala akageuka.
Usiku, tukichambua omena,
tulikaa kimya hadi sinia ikajaa.
Kamusi ilibaki kwake, juu ya friji.

Kakamega mvua haiombi ruhusa. Saa tisa kamili
wauzaji wakatupa nailoni juu ya bidhaa,
nami nikaingia chini yake pamoja na vitabu,
nikinusa ukungu, gundi, chaki ya zamani.
Humo ndimo nilimokiona: jalada la khaki,
hadithi za wasafiri, na ndani, kwa wino wa buluu:

J. Mukhwana, Mwaka wa Pili, Bweni la Chini.
Ukiiba, Mungu anakuona.

Mukhwana! Niliyekuwa naenda kwake kesho!
Nilitoa themanini bila kubishana,
nikakikumbatia kama mtu aliyeokota mtoto.

Chwele, ng'ombe alikuwa anakamuliwa.
Mukhwana alipangusa mikono, akasoma jina lake,
akaketi juu ya ndoo.
"Angalia chini ya wino."
Nikamulika tochi. Karatasi ilikuwa imekwanguliwa
kwa wembe, kwa subira, na chini ya J
palibaki mkia wa herufi nyingine.
"Ni chako. Nilikuibia wiki ya mtihani.
Halafu nikakiuza, nikala mandazi."

Mimi sikumbuki kuwa nacho. Nimegeuza kumbukumbu
ndani nje kama mfuko wa suruali: hakuna.
Mkia ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote.
Lakini alikuwa ananitazama kama mtu
aliyebeba gunia kutoka mbali, hajui alitue wapi.
"Nilikitafuta sana," nikasema.
Akashusha pumzi. Ndani, Nekoye akaita:
ugali unapoa.

Asubuhi alinifungia mahindi mabichi,
kitabu katikati ya maganda, kisilowe,
akanishindilia noti ya mia kiganjani.
Nikapekua mifuko yote. Sikuwa na ishirini.
"Acha," akasema, akifungua lango.
"Chenji utaileta."