Marejeo ni Mezani

Saa kumi na mbili jioni, Novemba,
Hull imevaa giza tangu saa kumi.
Ghalani nimekiacha kile kidude
kinachofungwa mkononi kama saa,
kinachojua maboksi yangu mia nne na kumi na moja
na dakika nne nilizokaa chooni.

Nafika. Navua buti. Birika jikoni.
Natandika gazeti la juzi,
nawasha taa ya shingo ndefu,
na yule niliyekuwa mchana kutwa
namtundika mlangoni pamoja na koti,
achuruzike maji.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Ngama yangu ni hii meza yenye mguu mmoja mfupi:
kibano, msasa, wembe, uzi,
gundi inayonuka kama rangi ya kucha,
na meli ya uvuvi ya sentimita arobaini
niliyoinunua pauni sita, duka la mitumba,
kwa kuwa boksi lilichanika
na muuzaji hakuthubutu kuapa
kwamba vipande vimetimia.

Havikutimia. Usukani haumo.
Nikauchonga kwa kijiti cha kukorogea chai
nilichokitia mfukoni kazini,
wizi wangu wa kwanza katika nchi hii.

Bandu bandu huisha gogo;
bandu bandu yangu inaunda.
Jumatatu, ubao mmoja wa sitaha.
Jumanne, ubao mmoja, umepinda, nikaubandua.
Jumatano sikugusa kitu.
Nilikaa nikaitazama, nayo ikanitazama,
tukaelewana.
Gundi haina msimamizi,
hukauka ikipenda.

Dada yangu Mwanamkuu hupiga simu.
Itaelea?
Haielei.
Utaiuza?
Haiuzwi.
Sasa?
Sasa ngoja kidogo, nimeshika mlingoti.

Wiki iliyopita akabisha Bi Norma Stathers,
jirani wa nambari kumi na saba,
na barua yangu iliyopotea njia.
Hakuvua hata skafu. Akainama mezani.
"Winchi," akasema, "umeigeuza mgongo mbele.
Ukivua hivyo utajivua mwenyewe."

Nikadhani ni binti wa nahodha.
La. Alikuwa mfumaji nyavu,
tangu ana miaka kumi na minne,
wavu umetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni,
malipo kwa kipande, watoto wakipita chini yake
kwenda shule.
Meli hakuwahi kupanda hata moja.
"Zinanitapisha," akasema. "Lete uzi."

Vidole vyake vimepinda kama mizizi ya tangawizi.
Nikampa sindano na uzi wa kahawia,
nikakaa kimya na mikono mapajani.
Jicho, fundo. Jicho, fundo.
Birika lilichemka mara mbili, likapoa mara mbili.
Hakutazama alichokifanya;
alitazama mlango wangu wa jikoni,
pale juu, ambapo hapana kitu.

Wavu ulipotimia ulienea kiganja.
Akaukunjua, akauvuta huku na huku
kama mwenye kudai haki yake,
akauweka tezini.
"Miaka yote ile," akasema,
"nilidhani naichukia kazi hii."
Akafunga skafu ambayo hakuifungua,
akaenda zake. Chai hakunywa.

Winchi niliing'oa usiku uleule.
Wembe ukateleza, ukaacha kovu sitahani.
Nina rangi ya kulifunika, kikopo kizima.
Kikopo sijakifungua.

Asubuhi, boksi la tisini,
nikaona uzi wa kahawia
umeganda na gundi kwenye kidole gumba changu.
Nikasimama kuutazama.
Kidude kikalia mara moja.
Kikalia tena.
Nikauacha palepale, nikanyanyua boksi.