Barua ya Tatu

Barua ya tatu ilifika Saskatoon pamoja na theluji.
"Tunasikitika kukujulisha," maneno yale yale,
kana kwamba huzuni yao ina muhuri.
Mama aliisoma glavu zikiwa bado mikononi,
akasema: haya, kula kwanza.

Mpango wa pili ulikuwa uuguzi.
Wa tatu, kufundisha baiolojia huko Regina.
Wa nne sikumtajia mtu: kulala mpaka Aprili.

Jumatatu nikabisha kwa mzee Hrynchuk,
karakana ya miguu bandia, nyuma ya duka la matairi.
Hakuuliza alama zangu. Alinipa plasta, ndoo,
na aproni yenye jina la mtu aliyestaafu.

Mteja wangu wa kwanza alilima ngano;
mashine ilikula kila kilichokuwa chini ya goti.
Nikapima kigutu, nikakosea, nikapima tena.
"Kaza," akasema, "mimi si yai."

Leo amesimama.
Ameomba tuzime redio
asikie kiatu cha kushoto kikigonga sakafu.

Chuoni bado napita upande wa pili wa barabara.
Barua iko mezani, chini ya sufuria
ya supu ya bitiruti,
inakinga mbao zisiungue.