Dereva Hayupo

Ilianza na asali.
Mzee Lugusi alileta sampuli ndani ya chupa ya maji,
kifuniko kimekazwa nusu,
akaiweka juu ya kompyuta ya chama, akaanza kutafuta miwani.
Kufikia jioni sisimizi walikuwa wamehamia chini ya herufi,
na kile kinachonusa mtandao ndani ya mashine
kilikuwa kimekufa kwa utamu.

Nikaagiza Tabora mjini kidude cha elfu kumi na mbili.
Kilifika Sikonge ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta,
kidogo kuliko ukucha wa dole gumba.
Nikakichomeka.
Si taa, si jina la mtandao hata moja,
na pale ukutani kisanduku cha intaneti kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu anayekuita umeziba masikio.

Nikaandika lsusb, kama alivyonifundisha Mihayo
wiki aliyotuwekea Linux akahamia Dodoma.
Kumbe kipo! Tarakimu nne, nukta mbili, tarakimu nne.
Kimesajiliwa, kinapewa umeme, kinahesabiwa.
Ila dereva hayupo.
Gari liko stendi, mafuta yamo, mizigo imefungwa kamba,
dereva hayupo.
Na dereva huyo anapatikana wapi?
Mtandaoni.

Nilicheka peke yangu ofisini.
Aliyewahi kufungia ufunguo ndani ya nyumba
atanielewa.

Ghalani mapipa arobaini na moja,
na mnunuzi anataka orodha ya uzito kabla ya Ijumaa.
Simu yangu ni ya vitufe.
Kalunde wa stoo ya mizinga ana simu janja na bando la siku mbili.
"Usinimalizie," akasema, akanipa na waya wake,
ule wenye plasta shingoni.
Mashine ikanywa mtandao kupitia waya huo
polepole, kama asali ya Juni inavyopita kwenye kitambaa
asubuhi ya baridi.

Dereva akaja vipande vipande, wa kuungwa.
Nikaunga. Ikakataa: vichwa havipo.
"Vichwa vya nani?" Kalunde akauliza.
Vya kerneli, nikasema.
Nikaona uso wake, nikaishia hapo.
Nikavishusha, nikaunga upya,
mistari ikapanda kioo mbio hata sikuweza kusoma,
kisha mshale ukasimama, ukisubiri neno langu.

Warina asali wa huku hawamkamati nyuki.
Mzinga unachongwa, unapakwa nta kwa ndani,
unatundikwa mtini, unaachwa.
Siku moja unapita chini yake
unasikia mvumo.

Taa ya buluu.
Ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena.
Halafu majina: GHALA, na MAMA HOSNI,
na moja tu lililojiita USIJARIBU.
Nikaingia la kwetu. Orodha ikaenda, mapipa yote.
Kalunde akatazama salio lake, akanitazama mimi,
hakusema kitu mpaka saa ya chai.

Wiki tatu baadaye kerneli ikajisasisha usiku
na kidude kikarudi kuwa ukucha.
Safari hii sikucheka, wala sikutetemeka.
Nilifungua daftari la mizani, ukurasa wa mwisho,
chini ya pipa la Lugusi, kilo mia mbili tisini na nane,
ambako nimeandika kwa kalamu nyekundu zile amri sita.
Ya nne ina alama ya kidole chenye asali.
Kalunde aliniletea waya kabla sijaomba.
Dakika kumi na moja.

Ila niliacha moja nje ya daftari,
kwa kuwa si ya mashine:
Mzee Lugusi alipoingia leo, chupa mkononi,
macho yakisaka miwani,
nilimwonyesha ile meza nyingine.