Mstari wa Mia Tatu na Nne

Saa nane unusu usiku, Daugavpils,
nje baridi ya digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
na swichi ya ghorofa ya pili inanijibu kwa ukali:
nafasi imekwisha.

Si diski, Ansis. Diski ningenunua.
Ni ile kumbukumbu ndogo ndani ya chipu,
ghali, yenye joto la homa,
isiyosoma orodha kama sisi, kidole juu ya karatasi,
bali huziuliza safu zake zote kwa mpigo mmoja:
nani anamjua huyu?
na kabla ya kope kugusana jibu limetoka,
pita, au rudi ulikotoka.
Bawabu wa namna hiyo haajiriwi kwa senti.
Ndiyo maana tulipewa safu mia tano na kumi na mbili, basi.

Leo Velga wa kitengo cha figo kaletewa mashine mpya,
ingali na plastiki kwenye kioo.
Yataka safu nne.
Nne tu, nami sina pa kutia sindano.

Ningeweza kuiacha ziada ifurike,
ipande kwa kichakataji, mwenye akili nyingi na miguu mizito,
apime kila pakiti kwa mkono wake.
Wewe ulijaribu, mara moja.
Picha za mapafu zikashuka kutoka eksirei
kama asali iliyolala nje Januari,
hata daktari Zigurds akapanda ngazi na glavu zake mkononi
kuja kukutazama tu, bila neno.

Basi naisoma orodha yako.
Ruhusu printa ya wodi ya wazazi:
printa ilishauzwa chuma chakavu.
Ruhusu kompyuta ya Elfrīda, mhasibu:
Elfrīda yuko Rēzekne na nyuki zake.
Kataa yule wa jikoni anayepakua sinema:
alihamia Dublin, sinema kaenda nazo.
Ruhusu milango yote kuanzia wa elfu moja ishirini na nne:
mstari mmoja kwako, chipu ikaupasua vipande sita.
Hukujua? Ulijua. Ilikuwa Ijumaa.

Na vitanda kumi na sita vya wodi ya moyo,
kila kimoja na safu yake,
kama watoto waliogoma kulala pamoja.
Chipu ina herufi tatu: sifuri, moja,
na ile ya tatu niipendayo, yoyote.
Tarakimu nne za mwisho nikaziandika yoyote,
nikawafunika shuka moja.
Kumi na sita wakawa mmoja.

Nafasi ikapatikana, na ya kusaza.
Ningelala. Lakini mkono ulioanza kufagia
haujui kizingiti kiko wapi.

Mstari wa mia tatu na nne:
anwani isiyo na jina katika daftari lolote.
Umetumika mara tisini na saba
tangu swichi ilipowashwa upya Oktoba.
Nikahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Tisini na saba.
Kidole kilikuwa juu ya kufuta.
Ukimfuta mtu hapa hapigi kelele;
huangukia ule mstari wa mwisho ambao haukuandikwa na yeyote,
nao upo katika kila orodha:
waliosalia wote, hapana.

Saa tisa na dakika kumi. Tisini na nane.

Nikateremka na tochi nikifuata waya wa buluu,
kupita dobi, kupita mitungi ya oksijeni,
hadi chumba cha maiti.
Saa ya ukutani.
Kila usiku, mara moja, huuliza: ni saa ngapi?
na kwa ruhusa yako hujibiwa.

Machi ulilala pale siku mbili, Ansis.
Juu yako ilikuwa haikosei hata sekunde.

Nimerudi juu, nimeandika kando ya mstari:
saa ya chumba cha chini, usifute.
Maelezo hayali safu hata moja ya chipu,
hubaki kwetu sisi tusomao kwa kidole.
Miaka kumi na minne, mwanamume wewe,
na hukuandika hata neno.